Mashine Nayo Ipumzike

12 Januari, Jumatatu. Robinvale

Leo inatimia wiki ya pili tangu niondoke nyumbani kisiwani Haapai. Huu ni msimu wangu wa nane kwenye zabibu za watu, na mgongo umeikumbuka kazi kabla yangu. Losaline, mke wangu, ameniambia safari hii niandike, kwa sababu kwenye simu nasema "mzima" halafu nakaa kimya, naye anabaki kusikiliza nzi wa Australia. Shule niliiacha kidato cha tatu, lakini kuandika naandika. Jumapili tu ndiyo siandiki.

Tuko tisa ndani ya nyumba. Mkubwa wetu ni Faivaola, kaka mkubwa wa baba yangu, mhubiri. Anaongoza sala asubuhi na jioni, na ndiye anayeamua nani aoge kwanza. Ninalala chumba kimoja na Feleti wa Vavau, kisiwa cha jirani, mtu wa maneno.

Sasa niandike lililo kichwani zaidi ya zabibu. Mkwe wangu, mzee Sosaia, amefundisha kwaya ya kijiji chetu tangu sijaoa. Mwezi wa kumi kiharusi kilimpiga. Anaelewa kila kitu, lakini ulimi umelala, haimbi tena. Na kanisa letu lililobebwa na wimbi limejengwa upya, linafunguliwa Jumapili ya kwanza ya Mei, Jumapili ya watoto. Wimbo wa ufunguzi aliutunga yeye. Aliuandika kwa namba ubaoni, kama tunavyoandika nyimbo zetu zote, na watoto wa shule ya Jumapili wakaufuta ubao wapate kuchora samaki. Wimbo umebaki mahali pamoja tu: ndani ya simu zetu sisi wanaume. Msimu uliopita alituimbia kila sauti, kipande kipande, akatutumia ili tujifunze huku huku.

Nilisimama kanisani nikasema mbele ya wote: nitavikusanya vipande, sauti zote nne, nirudi navyo kabla ya Mei. Mdomo wangu huu.

15 Januari, Alhamisi

Simu haziaminiki. Moja imepasuka, nyingine imejaa, nyingine mwenyewe kaiangusha kwenye kreti la zabibu ikaenda dukani na zabibu. Nataka sanduku moja la kuhifadhi kila kitu, lihudumie nyumba nzima, na mwisho nilibebe hadi kijijini. Jamaa wa banda la kupakia walikuwa wanatupa seva ya zamani. Nikaiomba, nikaichomeka sebuleni kabla ya sala ya jioni.

Tulipofika katikati ya sala, ikaamka yenyewe. Jamani! Ilivuma kama mashine ya kupulizia majani. Baba Mkubwa akapandisha sauti. Nayo ikapandisha. Wakaenda hivyo hadi amina.

"Kepueli," akasema, macho bado kayafumba. "Hicho ni nini?"

"Seva, Baba Mkubwa."

"Inapuliza nini?"

Feleti akadakia, "Inapuliza sala zetu, mzee, zifike haraka."

"Kesho itoke. Ukitaka mashine humu ndani, ije na adabu zake. Hapa watu wanaomba, siyo uwanja wa ndege."

17 Januari, Jumamosi

Gari la manunuzi lilikwenda Mildura. Nikaenda kwa Gwenda, mama mmoja aliyekuwa fundi wa kompyuta za shule, sasa kastaafu na anauza za mitumba kwenye gereji yake. Ana mbwa mwenye jicho moja na hana subira.

Nikamweleza. Akacheka hadi akakohoa.

"Ulileta seva ya ofisini kwenye nyumba wanayolala watu? Hiyo hukaa kwenye chumba chake peke yake kama mgonjwa wa tetekuwanga. Sikiliza we bwana. Kelele ni upepo mdogo unaokimbia. Chukua feni kubwa, zizunguke polepole. Upepo mkubwa unaotembea hausikiki."

Kaniuzia sanduku la kompyuta ya kawaida, pana, feni zake kama sahani za wali. Prosesa yake haili umeme mwingi, kwa hiyo haitoi moto mwingi. Diski mbili kubwa za kuhifadhia na moja ndogo isiyozunguka, ya kuendeshea.

"Una betri ya kuishikilia umeme ukikatika?"

"Umeme wa Robinvale haukatiki."

"Haya," akasema Gwenda, kwa namna ambayo mke wangu husema haya.

22 Januari, Alhamisi

Joto 41. Zabibu. Kulala.

24 Januari, Jumamosi

Leo nimelijenga. Kazi ilichukua mchana wote kwa sababu vidole vyangu vimezoea mikasi ya zabibu, siyo skrubu za ukubwa wa punje ya mtama.

Diski zikizunguka hutetemesha bati, na bati ndilo linaloimba. Nikachukua ndala zangu zilizokatika, nikakata vipande vya mpira, nikazilaza diski juu yake. Kimya. Feleti akaweka sikio kwenye sanduku.

"Imekufa?"

"Inafanya kazi."

"Inafanya kazi na haisikiki? Basi haitoki Haapai hii."

Ndani ya sanduku moja nimeweka mashine tatu. Si za kushika kwa mkono, zote zinaishi kwenye chuma kimoja, lakini kila moja inajiona iko peke yake, kama sisi tunavyojiona mlango wa bafu ukishafungwa. Wataalamu wanaziita mashine pepe. Ya kwanza ni mtunza ghala. Ya pili inawaonyesha vijana raga na filamu. Ya tatu ni mpiga simu: mtandao wa kisiwani ukiamka, inamtumia Losaline kipande, ukilala, inangoja bila kununa. Mojawapo ikianguka, wenzake hawaanguki. Na diski zile mbili ni pacha: kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa kwenye nyingine, moja ikifa nyingine inabaki na kila kitu.

Nimeliweka kwenye kona ya sebule, karibu na kiti cha Baba Mkubwa. Alikaa pembeni yake sala nzima. Mwishoni akatikisa kichwa mara moja. Kwake hiyo ni sifa.

26 Januari, Jumatatu

Sikukuu ya wenyeji, hakuna kazi. Nimeamka nikaikuta mashine imezima. Nikaiwasha. Sijui kwa nini.

29 Januari, Alhamisi

Nimekuwa nikikusanya. Baada ya kuoga kila mmoja analeta simu yake, naichomeka, mtunza ghala anameza. Soprano tunayo yote, maana Sosaia aliiimba kwa sauti ya kike na kila mtu aliitunza apate kucheka. Alto ipo. Sauti ya tena ilikuwa na pengo. Feleti akaliziba, ingawa ni mtu wa Vavau na hakuhusika. Alirushiwa msimu uliopita akaitunza, kasema, kwa sababu ilimsaidia kulala.

Besi ndiyo haipo. Waimba besi wetu ni watatu. Mmoja kahamia New Zealand na simu yake. Mwingine alifuta apate nafasi ya picha za mtoto aliyezaliwa. Wa tatu ni Baba Mkubwa.

"Simu yangu ya zamani ilitumbukia kwenye tangi la maji," akasema, akaendelea kumenya muhogo.

Bila besi wimbo wetu hausimami. Kwetu hata mtoto anajua: besi ni nguzo, zile nyingine ni makuti.

2 Februari, Jumatatu

Imezima tena. Jumamosi niliiacha nzima. Nadhani ni joto.

6 Februari, Ijumaa

Tumekunywa kava, kinywaji chetu cha mizizi. Vijana wametazama raga kutoka kwenye sanduku, picha haikukwama hata mara moja. Nimesifiwa hadi nikaona haya. Mtoto wa dada yangu kanipigia kutoka Auckland kuuliza kama ninaweza kumjengea na yeye. Nimemwambia aanze na ndala zilizokatika.

Besi bado.

9 Februari, Jumatatu

Imezima tena! Mara ya tatu, Jumatatu kwa Jumatatu. Na safari hii ilipoamka, diski moja ikatoa kwikwi. Mashine ikizimwa kwa ustaarabu inamaliza kuandika, inafunga milango, ndipo inalala. Ikikatwa ghafla ni sawa na kumvuta mtu ngazini akiwa amebeba kreti.

Nikachungulia nyuma ya kabati. Kwenye soketi ileile kulikuwa na chaja ya Feleti.

Nilimfuata hadi mstari wake wa zabibu.

"Unachomoa mashine uchaji simu?"

"Nani kakwambia?"

"Chaja yako imeniambia."

"Chaja yangu ina tundu lake, na mashine yako ina tundu lake. Kaka, mimi ndiye niliyekuzibia pengo la wimbo. Nikuibie umeme?"

"Vavau ni Vavau tu."

Alirudi kukata mashada, mgongo kanipa mimi. Jioni kala nje.

12 Februari, Alhamisi

Joto 42. Wametuondoa shambani saa nane mchana. Nyumba ni tanuri. Feleti haniongeleshi, chumba kimekuwa kikubwa.

14 Februari, Jumamosi

Leo nitaandika mengi.

Asubuhi Mildura. Gwenda kanisikiliza, kisha kasema, "Joto halijui Jumatatu ni lini. Kuna mkono." Kanipa betri nzito kama jiwe la kusagia. Mashine inachomekwa kwenye betri, betri kwenye ukuta. Umeme ukikatika, betri inashika.

Jioni tukasali. Baada ya amina vijana wakaenda jikoni, mimi nikaenda kuanika nguo. Ghafla ndani ya nyumba kitu kikapiga yowe: piii! piii! piii! Tukakimbilia sebuleni wote, mmoja na sufuria mkononi.

Baba Mkubwa alikuwa kapiga magoti nyuma ya kabati, plagi mkononi, betri inampigia kelele usoni. Gwenda hakuniambia kwamba betri ile huwa inalia.

Baba Mkubwa akanitazama.

"Inyamazishe."

Nikainyamazisha. Mashine yenyewe ilikuwa inaendelea kimya kimya, hata haijui.

"Baba Mkubwa, ni wewe kila wiki?"

Akajiinua taratibu, akakaa kitini. "Kesho ni Jumapili. Kwetu duka linafungwa, ndege haitui, mtu hatwangi wala hafui. Amri inataja hata ng'ombe wako na punda wako. Nikae hapa kuhubiri pumziko, na miguuni pangu kuna kitu kinafanya kazi usiku na mchana? Jumatatu alfajiri narudisha plagi, nikingoja wewe mwenyewe uone. Hukuona."

"Ungeniambia."

"Ungeniletea maneno ya Gwenda."

Kweli, ningemletea.

Nilikasirika, sikatai. Lakini nilipomtazama nikaona mzee ambaye kila Jumamosi amekuwa akipiga magoti mabovu kwenye vumbi ili nyumba yake iwe safi mbele ya Mungu. Hakufanya kwa hila. Alikuwa anafunga duka.

"Sikiliza, Baba Mkubwa. Ukiichomoa inaumia. Mimi naweza kuilaza vizuri. Jumamosi baada ya sala inajizima yenyewe, Jumatatu alfajiri inaamka yenyewe. Siigusi, huigusi."

Akafikiri. "Inajizima yenyewe?"

"Kama mtu mwenye imani."

Akacheka kidogo puani. Tukakubaliana. Nikaiandikia ratiba mbele yake, naye akanisomesha saa mara mbili.

Kisha nikaenda chumbani. Feleti alikuwa kalala kageukia ukuta, lakini mtu hawezi kulala baada ya yowe lile.

"Feleti, nimekukosea."

"Vavau ni Vavau tu," akauambia ukuta.

"Utafuliwa nguo wiki nzima."

"Wiki mbili. Na soksi za shambani."

16 Februari, Jumatatu

Nimeamka nikaikuta imeshaamka. Baba Mkubwa kaisalimu, "Umepumzika?" Nimefua soksi.

19 Februari, Alhamisi

Zabibu nyekundu zimeanza. Besi bado. Nimempata yule wa New Zealand: simu aliiuza. Losaline anasema kwaya imeanza mazoezi na sauti tatu, kwa vipande vichache vilivyofika, wanasikika kama meza iliyokosa mguu. Mzee Sosaia anapelekwa kwa kiti kusikiliza, wakifika hapo pa besi anageuza uso.

24 Februari, Jumanne

43. Nimetoka shambani nikakuta ujumbe kwenye mashine: diski moja imekufa. Ile iliyokuwa na kwikwi.

Pacha wake anashikilia kila kitu: soprano, alto, tena, na kazi yangu ya mwezi mzima. Losaline kapokea vichache tu, na vya kwenye simu wengi wameshavifuta. Mimi mwenyewe niliwaambia wafute wapate nafasi, viko salama. Lakini pacha naye aliumia kwenye kuchomolewa kule, ana makosa machache. Nikampigia Gwenda.

"Usiizime," akasema kabla sijamaliza. "Umenisikia? Diski kongwe inayozunguka huendelea kuzunguka. Ikipoa, huenda isizunguke tena. Nitakutafutia nyingine, uje Jumamosi. Ukishaiweka, mashine itanakili kila kitu kwenye mpya. Mpaka imalize, usiizime."

"Itachukua muda gani?"

"Diski yako ni kobe. Karibu siku nzima."

Jumamosi na siku nzima. Nilihesabu hata kabla hajakata simu.

27 Februari, Ijumaa

Sijamwambia. Nilikata zabibu leo kama mtu anayekata deni. Nikajikata na kidole.

28 Februari, Jumamosi

Nilirudi na diski mchana, nikaiweka bila kuzima mashine. Unakili ukaanza. Mashine ikasema: mwisho, kesho alasiri.

Nikaenda kwa Baba Mkubwa. Alikuwa uani anapanga mawe ya umu ya kesho. Kila Jumapili tunapika kwenye shimo uani, hata huku: mawe yanachomwa alfajiri, chakula kinafukiwa, kijana mmoja anabaki kulinda shimo, wengine tunakwenda kanisani, tunarudi kimeiva.

Nikamweleza yote, nikiwa nimeinama. Nikamwambia pia kwamba diski ile iliuawa na kuchomolewa, kwa sababu alistahili kujua. Akaacha jiwe mkononi.

"Mimi ndiye niliyeiua."

"Mimi nilikataa betri. Tumeiua wawili."

"Na sauti ya Sosaia?"

"Imebaki kwenye moja. Nikiizima leo huenda isiamke. Ratiba ya leo nimeisimamisha ningoje neno lako; nikiiacha hivyo itafanya kazi Jumapili, hapo kwenye kiti chako. Wewe ndiye mkubwa wa nyumba. Sema."

Nilijiandaa kwa mstari wa Biblia, na wa kumjibu nilikuwa nao mfukoni, nilioutafuta wiki nzima: kondoo aliyeanguka shimoni siku ya sabato. Hakuniuliza.

"Kesho utaigusa?"

"Hapana. Nimeshamaliza. Inajinakili."

"Hutabonyeza chochote?"

"Hata kidogo. Nikiigusa naweza kuiharibu."

Akaliweka jiwe juu ya mengine, akalisogeza likae. "Tunawasha alfajiri, tunafukia, tunakwenda kusali. Nani anaipika nyama tukiwa kanisani?"

"Mawe."

"Mawe yanavunja Jumapili?"

"Hapana, Baba Mkubwa."

"Basi hiyo ni umu," akasema. "Umeshaifukia. Iache iive."

Feleti alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza. "Nilete blanketi tuifunike?"

"Usithubutu!" tukasema wote wawili.

2 Machi, Jumatatu

Ya jana naandika leo.

Alfajiri tulichoma mawe, tukafukia umu. Joto lilikuwa limeshaanza, kipoza hewa cha sebuleni kimekufa tangu Alhamisi. Sanduku nilikuwa nimeliacha ubavu wazi. Lakini nikaona hesabu yake kwenye skrini: diski ile ya zamani ilikuwa inapanda joto. Feni zangu za ustaarabu, zinazotembea bila kukimbia, zilikuwa zinatembeza hewa ya moto tu. Ningeweza kuziamuru zikimbie, lakini nilikuwa nimetoa neno langu: sigusi.

Tulipokuwa tunavaa, Baba Mkubwa akatoka chumbani na shati lake jeupe, mkeka wa kiunoni, vazi letu la heshima, umefungwa vizuri, Biblia mkononi. Akampa Feleti ile Biblia.

"Leo utahubiri wewe."

Feleti akageuka nyuma kutazama kama kuna Feleti mwingine. "Mzee, mimi nahubiri nini?"

"Miezi yote umekuwa ukisema bila kupumua. Mungu naye akusikie."

"Na wewe?"

"Umu haiachwi peke yake. Lazima abaki mtu."

Anayebaki na umu ni kijana kuliko wote. Ndivyo ilivyo tangu tuzaliwe. Kwa misimu minane sijaona Baba Mkubwa akikosa ibada, hata mwaka ule alipovunjika kifundo cha mguu na tukambeba juu ya mlango. Tukaenda.

Feleti alihubiri juu ya punda wa Balaamu. Alihubiri vizuri, kwa kuwa alikuwa anaogopa. Mimi nilisikia nusu. Nusu nyingine nilikuwa sebuleni.

Tuliporudi nilitangulia mbele. Baba Mkubwa alikuwa amekaa kitini pake, amevaa kila kitu, mkeka kiunoni, jasho linamchuruzika shingoni hadi kwenye kola. Mkononi alikuwa na kipepeo chake cha kusuka, kile tunachowapepea nacho wageni wa heshima wanapokula. Alikuwa anaipepea mashine, taratibu, kwenye ubavu ule ulio wazi, mkono hausimami.

"Sikuigusa," akasema.

"Tangu tulipoondoka?"

"Kumpepea mgeni si kazi. Ni adabu."

Nikatazama hesabu. Joto la diski lilikuwa limeshuka, lipo pale linapotakiwa kuwa. Nikamwomba kipepeo. Hakunipa. Tukafukua umu, tukala, na kila mmoja akala haraka ili aende zamu: Feleti, kisha mimi, kisha wengine, tunapokezana kile kipepeo kama kwenye harusi. Alasiri, tukiwa tunaimba, taa ya mashine ikageuka kijani. Imekamilika. Pacha wawili tena, hakuna kilichopotea.

Niliisoma kwa sauti. Vijana wakapiga kelele ambayo seva ya banda la kupakia isingeifikia.

Leo alfajiri, kabla ya gari la shambani, Baba Mkubwa kaniita nje. Kanipa simu ya zamani iliyofungwa kwenye soksi. Kavu kabisa.

"Haikutumbukia popote," akasema. "Nilisema uongo, tena nikimenya muhogo wa kula na watu wa Mungu. Besi yote imo humo."

"Kwa nini, Baba Mkubwa?"

"Sikiliza mwenyewe. Lakini usikilizie mbali."

Nikasikilizia nyuma ya tangi. Mwaka jana alikuwa amemtumia Sosaia besi yake ili aisahihishe. Sosaia akamjibu. Kwanza anamwigiza: sauti moja mbaya, ndefu, inayumba, na nyuma yake wanawake wa kwaya wanaanguka kwa kicheko. Kisha anasema, "Faivaola! Ni besi hiyo, au ng'ombe kakwama topeni na anamlilia mamaye? Unahubiri vizuri, ndugu yangu, hubiri. Kuimba tuachie. Haya, sikia inavyokwenda." Halafu anaiimba, mwanzo hadi mwisho, bila kukata. Sikuwahi kuisikia nzima. Ni kama mtu anafungua mlango wa chini ya nyumba ambao hukujua kwamba upo.

Nilirudi. Baba Mkubwa alikuwa anatazama mizabibu.

"Nitaikata sehemu ya ng'ombe," nikamwambia. "Hakuna atakayejua."

Gari likapiga honi.

"Iache," akasema. "Hiyo ndiyo sauti yake mwenyewe. Na watoto watahitaji kitu cha kuchekea."

12 Machi, Alhamisi

Losaline kapiga. Mpiga simu wangu alimaliza kutuma usiku, mtandao wa kisiwani ukiwa na moyo mwema. Jioni wameimba sauti zote nne kwa mara ya kwanza. Kwanza walisikiliza ng'ombe, kijiji kizima, na dada yake Baba Mkubwa akacheka hadi akatolewa nje.

"Na baba yako?" nikauliza.

"Alikaa kwenye kiti chake, fimbo mkononi. Besi ilipokosea mstari wa tatu, akaipiga fimbo sakafuni. Tukaanza upya. Wakakosea tena, akapiga tena. Mara nne, Kepueli. Tulipopata, akaweka fimbo chini."

Nikamwambia Baba Mkubwa. Akauliza, "Mstari wa tatu?"

"Wa tatu."

"Hapo ndipo na mimi nakosea," akasema, na sijawahi kumwona amefurahi namna ile.

27 Machi, Ijumaa

Zabibu zinapungua. Asubuhi baridi kidogo. Jioni kutoka chumbani kwa Baba Mkubwa kunasikika besi, mlango umefungwa. Mstari wa tatu. Feleti anagonga sakafu kwa ufagio kila anapokosea, na Baba Mkubwa anaanza upya bila kuuliza ni nani.

18 Aprili, Jumamosi

Mstari wa mwisho wa zabibu tuliukata jana. Leo nimeipa mashine pumziko lake la mwisho hapa, nikaifungua. Diski moja naibeba mimi mfukoni, pacha wake anabebwa na Baba Mkubwa, kaizungushia mkeka wake wa kiunoni, anasema heshima ni ileile. Feleti kabeba feni, ingawa kwao ni Vavau. Anasema anakuja Haapai kumwona ng'ombe. Sanduku lenyewe linakwenda na mizigo, vipande vya ndala bado vimo ndani.

Litakaa nyuma ya kanisa jipya, kwenye chumba cha kwaya, karibu na kiti cha mzee Sosaia. Halitamsumbua. Nimelipangia ratiba: Jumamosi jioni linalala, Jumatatu alfajiri linaamka.

Losaline, ukisoma hapa umeshajua: tunatua Tongatapu Alhamisi tarehe 23, tunapanda meli Jumatatu, na Jumanne mchana uwe gatini. Sauti zote nne ninazo. Mwambie baba yako Faivaola anasimama upande wa besi, na asisahau fimbo.